Kula Mbele ya Mkwe

Mimi safari naikumbuka kwa tumbo. Mwombe mtu mwingine akusimulie alivyokwenda Tabora, atakwambia treni ilichelewa, behewa lilijaa, jirani yake aliibiwa viatu. Mimi nitakusimulia Kazuramimba, wanawake walivyokuja mbio na mabeseni kichwani kabla treni haijasimama sawasawa, na yai la kuchemsha nililonunua dirishani, chumvi yake imefungwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari. Ukiifungua unakuta hesabu za mtoto wa watu, zote amekosa. Nitakusimulia karanga za Kaliua, bado zina joto la chungu, na asali ya kwenye chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi la muhindi. Treni nimeipanda mara moja tu maishani, lakini kwa jinsi ninavyoisimulia, wenzangu wa mtaani Rusimbi wanadhani nimefika Dar.

Na kula nje, yaani kula mahali ambapo si kwenu, ndiyo starehe yangu kubwa. Huku kwetu kibanda chochote chenye benchi na sufuria kinaitwa hoteli, na mimi hoteli zote za Ujiji nazijua kwa harufu. Kuna mzee wa kahawa ambaye kashata zake zinavunjika zenyewe mdomoni. Kuna mama wa Kikongo anayetwanga sombe, kisamvu cha kwao, mpaka inakuwa laini kama uji, halafu anaimwagia mawese mekundu juu, na ukimaliza unabaki unaikwangua sahani kwa kidole huku unaangalia kando kama si wewe. Kuna shangazi yangu mwenyewe, dada wa baba, mwenye hoteli pale mwaloni Kibirizi ambako maboti ya kaskazini yanapakia na kushusha. Nilipomaliza darasa la saba na jina langu halikutokea kwa waliochaguliwa, nilikwenda kumsaidia. Watu walinionea huruma. Mimi nilijiona nimechaguliwa kwenda mahali pazuri zaidi.

Pale Kibirizi kila abiria nilimuuliza swali moja: huko unakotoka mnakula nini? Nikajua wanavyokula Uvira, wanavyokula Kalemie, wanavyokausha samaki kule Mpulungu. Nilikuwa na ndoto, na bado ninayo, ya kufungua hoteli yenye vitambaa mezani, ambamo mtu anaweza kukaa kitako na kuonja bandari zote za ziwa letu bila kulowa miguu. Shangazi alikuwa akinicheka. "Wewe utaolewa na sufuria," aliniambia.

Lakini kuna mlo mmoja niliushuhudia Kagunga, na tangu hapo kula nje kumeniingia uchungu. Ninakula, sitawadanganya kwamba nimeacha. Ila nikiketi kwenye benchi na sahani ikiwekwa mbele yangu, naangalia kwanza nani amekaa karibu, kabla ya kumega tonge.

Ili unielewe, lazima nikueleze kwamba mimi nimelelewa na meza mbili. Kwa baba ni Wamanyema wa Ujiji. Kwao chakula ni cha wote, ukipita mlangoni wanakula lazima uitwe, na ukiitwa lazima uonje hata tonge moja, la sivyo umewatukana. Kwa mama ni Waha wa Simbo. Huko nako wanakaribisha, tena sana, lakini kuna watu ambao hawali mbele ya wengine, na wakubwa kati ya hao ni wakwe. Baba alipokwenda Simbo mara ya kwanza kama mkwe, aliwekewa ugali na maharage sebuleni peke yake. Baba mpenda watu, akaona vibaya kula pweke. Akapaza sauti: "Mama! Njoo tule!" Bibi, mama mkwe wake, alikuwa nyuma ya nyumba. Wanasema alikimbilia migombani na hakuonekana mpaka baba alipoondoka. Hadithi hiyo tuliicheka miaka yote. Baba akawa anatishia: "Nitakwenda kumwalika mama mkwe wangu chakula," na mama anamrushia kanga usoni.

Na jina. Mama yangu hajawahi kulitamka jina la baba mkwe wake, yaani babu yangu mzaa baba. Siku moja tulimpeleka mdogo wangu zahanati, nesi akauliza jina kamili la mtoto, na jina la mwisho ndilo la babu. Mama akarekebisha kanga ya mtoto. Nesi akauliza tena. Mama akanigusa bega: "Mwambie wewe." Nesi akasema, "Mama, hujui jina la mwanao?" Nikalisema mimi. Nilikuwa mdogo na nilijisikia mkubwa sana siku ile. Basi hayo ndiyo ya Simbo, na kwa upande wa Burundi, ambako lugha yao na Kiha chetu zinasikilizana kama ndugu wa kitanda kimoja, ni hivyo hivyo na zaidi.

Miaka ile Kigoma neno mkimbizi tulilizoea kama tulivyozoea neno dagaa. Walitoka ng'ambo ya Kongo kwa mitumbwi, walitoka Burundi kwa miguu. Kuna wakati waliotoka Burundi walifurika Kagunga. Kagunga ni kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima na maji, mpaka uko pale pale, barabara hakuna. Ukiingia kwa miguu utatoka kwa boti. Kijiji kile kilikuwa kimezoea kulisha watu wake na wachuuzi wachache. Sasa watu walijaa ufukweni hadi ukikanyaga, unakanyaga kitambaa cha mtu.

Wanawake wa msikitini kwetu na wanawake wa kanisani walichanga. Huyu unga wa muhogo, huyu mawese, huyu samaki wa migebuka, na mwenye kuni alileta kuni. Shangazi ndiye aliyepewa jukumu la kwenda kupika kule kule, kwa sababu ana masufuria makubwa na mdomo wa kuweza kupanga watu. Akanichukua mimi. Kwenye boti nilikuwa na furaha, jamani. Nilijua tunakwenda kwenye shida, lakini nilikuwa sijawahi kufika Kagunga, na nilikuwa nimesikia kwamba mgebuka wa kule unatoka majini unaingia chunguni ungali unapiga mkia. Nilikaa mbele, maji yananirukia usoni, na nikapanga jinsi nitakavyoonja hoteli zao moja baada ya nyingine.

Hoteli za Kagunga zilikuwa zimekufa. Mabenchi yalikuwa yamepasuliwa kuni. Mama mmoja mwenye kibanda alituambia hajui hata sufuria zake ziko kwa nani, aliazima zikaazimwa. Harufu niliyoipata pale, mimi ninayejisifu kwa pua, sitaiandika.

Ufukweni watu walikuwa wamepangwa kwa mstari, wameketi chini, kila jamaa na furushi lake. Meli ilikuwa imesimama mbali majini kwa sababu Kagunga haina gati. Maboti madogo yalichukua watu ufukweni na kuwapeleka melini, na meli ikijaa inawapeleka Kigoma mjini, na kutoka hapo malori yanawapeleka makambini. Mstari ulisogea polepole, na sheria ilikuwa moja: usipokuwepo mahali pako unarukwa. Kurukwa maana yake ni kuanza upya nyuma kabisa, na nyuma ilikuwa imezunguka mwamba, mwisho wake huuoni.

Tulipika. Ugali wa muhogo, migebuka ya kuchemsha na mawese, nyanya kidogo na pilipili pembeni. Sahani zilikuwa chache, kwa hiyo shangazi akaamua sahani moja kwa kila jamaa, wale pamoja. Kwa Ujiji hilo si tatizo hata kidogo, sinia moja mikono kumi. Tukapita kwenye mstari tunagawa.

Tukawafikia watu wawili waliokaa kwenye mkeka mmoja wamepeana migongo. Mmoja alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya kitambaa, na wa pili msichana ambaye nilimwona sawa na mimi kwa umri, kitoto kichanga kifuani ndani ya kitenge. Katikati yao waliweka furushi kama ukuta. Shangazi akatua sahani juu ya furushi. "Haya, baba na binti, karibuni, kuleni na moto wake."

Mzee aliisukuma sahani kwa ncha za vidole kuelekea upande wa msichana, akageuza uso. Msichana akajifunika kitenge mpaka puani, na yeye akaisukuma kurudi kwa mzee. Sahani ikabaki pale juu ya furushi inatoa moshi.

"Hee!" Shangazi alishika kiuno. "Mzee, unakataa chakula cha Ujiji? Samaki huyu mawaziri wanamtuma mtu aje kumchukua, wewe unamsukuma kwa kidole? Au unadhani tumetia sumu? Haya, angalia." Akamega, akatia mdomoni, akatafuna mbele yao kwa nguvu. Watu wa karibu wakacheka. Mwanamke mmoja kwenye mstari akasema kwa Kiswahili cha taabu, "Mzee huyo ana maringo, jana pia amekataa biskuti."

Mimi niliiangalia ile migongo yao nikajua. "Shangazi, si baba na binti. Ni mtu na mkwe wake."

"Kwa hiyo? Mkwe hana tumbo?"

"Hawali wakionana. Kama bibi kule Simbo."

"Bibi yako alikuwa na migomba ya kukimbilia. Hapa ni vita, binti yangu. Mkwe, mkwe! Hebu niambie, risasi zilipolia walikimbia kila mtu na njia yake ama walikimbia pamoja?"

Mzee aligeuka. Kumbe Kiswahili alikuwa anakijua vizuri, alizoea masoko ya ziwani zamani. Alitabasamu, na meno ya mbele hayakuwepo. "Tulikimbia pamoja, mama," alisema. "Lakini tulikuwa hatuli."

Shangazi akacheka mpaka akakaa chini. Ndivyo alivyo, ukimchekesha umemmaliza. Akaomba radhi, akakaa na mzee, na mzee akatuambia mambo yao kwa maneno machache, uso wake ukiangalia ziwa. Mwanawe wa kiume, mume wa msichana, amebaki nyuma. Alisema hivyo tu, amebaki nyuma, na hatukuuliza. Mtoto alizaliwa njiani. Njiani kula hakukuwa na tabu. Wakipata kitu, yeye anapita upande huu wa kichaka na mkwe anapita upande ule. Hapa ufukweni hakuna kichaka. Akiondoka kumpa mkwe nafasi ya kula, anaweza kurukwa. Akikaa, mkwe hali. Tangu jana asubuhi msichana hajatia kitu mdomoni, na maziwa yameanza kukatika. Kitoto kilikuwa kinalia, kilio chembamba, kama mlango unaofunguliwa polepole.

"Anaitwa nani, mjukuu?" shangazi aliuliza.

"Bado. Baba yake hayupo, nimebaki mimi wa kumpa jina. Siwezi kumpa mtoto jina tukiwa tunakimbia. Tukifika mahali pa kukaa chini, nitampa."

Alisema hilo kwa namna ambayo nilielewa ndilo analoliwazia usiku na mchana. Si nyumba, si ng'ombe, hakutaja shamba. Wafike wote watatu mahali, akae chini, ampe mtoto jina.

Mimi na akili zangu za hoteli nikapata wazo. Nilivua kanga yangu ya juu, nikasimama kati yao, nikaitandaza kama pazia. "Chumba cha faragha," nikasema kwa Kiha. "Mgeni, agiza." Nyuma ya kanga nikamsikia msichana akicheka, kacheko kadogo, akakameza haraka. Nikachungulia. Mkono wake ulikwenda mpaka kwenye sahani, ukarudi.

"Nitamsikia anavyotafuna," mzee alisema, kama anayeniomba msamaha.

Akainuka. Magoti yake yalilia. Akaelekeza kidole kwenye mawe makubwa juu, mlima unapoanzia. "Nakwenda kule. Nikifika nitakaa upande wa pili. Binti, nishikie mahali pangu. Na mwambie mkwe wangu ale, asiharakishe."

Nikakaa mahali pake. Palikuwa bado na joto.

Nimeona watu wengi wakila. Kibirizi nimewaona wapagazi wanaomeza bila kutafuna, nimewaona wafanyabiashara wanaomchambua samaki kama wanatafuta pete ndani yake. Sijawahi kuona mtu akila kama yule msichana. Alingoja mpaka kofia ya mzee ilipopotea nyuma ya mawe. Akanawa kwa maji kidogo, akamweka mtoto vizuri, akamega tonge dogo, akalichovya kwenye mawese, akalitia mdomoni na kufumba macho. Halafu akala kweli. Alikula kwa utaratibu, kama alivyoagizwa. Nilimuuliza kwao wanapika nini, akaniambia maharage na ndizi, na mawese pia, akasema mawese yetu ni mazuri ila ya mama yake yana rangi zaidi. Tukabishana kidogo kuhusu mawese. Tulikuwa wasichana wawili hotelini, wallahi. Mtoto akanyonya akanyamaza. Ile sehemu ya tumbo la samaki, yenye mafuta, ambayo mimi huwa nakula kwanza kabla hajatokea wa kuniomba, aliitenga pembeni pamoja na ugali mzuri, akaifunika kwa jani. "Ya databukwe," akasema. Yaani ya baba mkwe wangu.

Hapo ndipo kijana wa kipaza sauti alipokuja. Alikuwa kijana wa kujitolea, kwa lafudhi yake nadhani wa mjini kwetu, sauti imeshamkauka kwa siku nyingi za kupiga kelele. "Kina mama wenye watoto wachanga! Wote mbele! Boti la mwisho kwa meli hii! Wachanga mbele!"

Watu wakaanza kumsukuma msichana mbele kwa huruma, nenda, nenda, una mtoto. Akainuka, akakaa, akainuka tena. Akaangalia mawe. Kofia haionekani.

"Ana mzee wake," shangazi akamwambia kijana. "Amekwenda pale juu, anarudi sasa hivi."

"Mama, meli imejaa. Boti hili ni la wachanga na wagonjwa, mganga yumo melini. Atakuja na nyingine."

"Nyingine lini?"

"Mimi nitajuaje? Ikija imekuja."

"Wewe huna mkwe, ndiyo maana unajibu hivyo."

"Sina mkwe, sina hata mke, sijalala," kijana alisema, na macho yake yalikuwa mekundu kweli. Akainama kumwangalia mtoto, akaweka kidole kwenye shavu lake. "Huyu apande. Msicheze na huyu. Dada, huyo mzee anaitwa nani? Nitamwita sasa hivi. Chombo hiki kinasikika mpaka Burundi. Nitajie jina tu."

Msichana alimwangalia. Nikamtafsiria kwa Kiha, ingawa nilijua ameelewa. Akaangalia chini.

"Jina, dada! Boti linaondoka."

"Databukwe," alisema.

"Hilo si jina. Hapa kila mzee ni baba mkwe wa mtu. Jina lake!"

Nikamshika mikono. Nikamwambia kwa Kiha, ninong'oneze mimi, weka mdomo sikioni kwangu, mimi si mkwe wake, mimi nitalipiga kelele. Akasogea. Niliisikia pumzi yake sikioni, ya moto, inanukia samaki na mawese. Midomo ilisogea. Ilianza, ikaacha, ikaanza. Sauti haikutoka. Mtu asifikiri alikataa. Alijaribu, mishipa ya shingo ikamsimama kama mtu anayenyanyua mzigo, na sauti haikutoka.

Nikatoka mbio. Nilikimbia juu ya miguu ya watu, juu ya mafurushi, naita, "Mzee! Mzee!" na ufukwe mzima wazee wakanigeukia. "Mzee yupi, binti? Tuko wengi," mmoja akaniambia. Mwingine akasema, "Mimi hapa, umeniletea ugali?" na wenzake wakacheka, maana hata pale watu walikuwa wanacheka. Nyuma yangu nikasikia kipaza sauti: "Mzee mwenye kofia! Mzee mwenye mkwe mwenye mtoto mchanga! Njoo ufukweni!" Wazee wenye kofia walikuwa wamejaa mlima mzima.

Nilimkuta upande wa pili wa mawe, kama alivyosema. Alikuwa amekaa ameupa ufukwe mgongo kabisa, ameziba masikio kwa viganja viwili. Sijui alifikiri kutafuna kwa mkwe wake kutamfikia mpaka kule, au ni heshima tu aliiongeza. Nilipomgusa bega alishtuka. "Ameshiba?" akauliza.

Tulishuka. Yeye hakuweza kukimbia, nami sikuweza kumburuta. Tulipotokea kwenye mchanga boti lilikuwa limeshatoka, liko nusu ya njia kuelekea melini, kina mama wamekaa wamekumbatia watoto, wote wana vitenge, wote wanafanana. Shangazi alikuwa amesimama majini mpaka magotini, gauni limelowa, anawatukana watu wote. Msichana walipompandisha, alimpa kanga yake ya kichwani. Hakuwa na kingine cha kumpa.

Kijana wa kipaza sauti alikuja akamuuliza mzee jina. Mzee akalisema, wazi, mara moja. Lilikuwa jina la kawaida, fupi, mtoto anaweza kulitamka. Sitaliandika hapa. Kijana akalirudia kwenye kipaza sauti akikielekeza majini, akaita mara kadhaa, lakini injini ya boti ilikuwa inanguruma na hakuna aliyegeuka.

Mzee alirudi kwenye mkeka wake. Watu wa mstari walikuwa wamemtunzia nafasi, hata yule mwanamke aliyemwita mwenye maringo alikuwa ameweka mguu wake pale asipite mtu. Akakaa. Shangazi akaja kukaa karibu naye, na mimi nikakaa upande wa pili.

"Huko watakapofika," mzee akasema, "watamwandika mtoto jina gani?"

Shangazi yangu ana jibu la kila kitu. Ana jibu la askari wa soko, ana jibu la mlevi, ana jibu la mwanaume anayemtongoza. Safari hii alikunja upindo wa gauni lake lililolowa maji.

Siku zilizofuata tuliuliza. Tulipika Kagunga mpaka vyakula vilipokwisha, tukarudi mjini, na nikauliza tena kwa watu wa malori. Wa meli ile walikuwa wamepelekwa kambi moja, na waliokuja baadaye walipelekwa nyingine, na kati yao ni mwendo wa kutwa kwa lori, na mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali. Kama walionana sijui. Nimeuliza mpaka watu wananiona ni kichaa, naulizia watu watatu kwa jina moja tu.

Lakini siku ile, pale kwenye mkeka, nilimsogezea ile sahani. Nilifunua jani nikamwonyesha, nikamwambia hiki amekutengea yeye, tumbo la samaki. Aliangalia. Nikamwambia, kula, mzee, sasa hayupo. Nilidhani nasema jambo la busara.

Mzee alitikisa kichwa akanionyesha kwa kidevu. Meli ilikuwa bado inaonekana. Watu walikuwa wadogo kama dagaa kwenye kingo zake, huwezi kumjua mwanamume wala mwanamke. Ikageuka polepole, moshi ukaegemea upande wa mlima, ikaanza kwenda kusini. Tulikaa. Mawese yalipoa, yakaanza kuganda juu ya ugali, yakawa kama nta ya rangi ya chungwa. Meli ikawa ndogo, ikaifikia ile rasi, pua ikaingia nyuma ya mwamba, halafu katikati, halafu kitako.

Mzee alingoja kidogo tena, labda itatokeza upande wa pili. Haikutokeza. Akavua kofia, akanawa, akala chote.